Mirija Yote Iliwaka

Gatobu alikuwa fundi hodari wa maabara, na kosa lake siku ile lilitokana na adabu. Kwao Nkubu, wageni wakija, vyombo haviachwi vivi hivi. Husuguliwa kwa sabuni ya unga hadi vimeremete. Na siku ile wageni walikuwa wanakuja kuona jaribio, basi akaisugua mirija ya kioo.

Ilikuwa mwaka 1999, katika maabara ndogo nje ya Nyeri. Dakta Wacera alikuwa ameunda polima, kemikali ya minyororo mirefu, inayowaka buluu chini ya taa ya urujuanimno. Polima za aina hiyo huyakataa maji kama mafuta, na DNA huishi majini. Kwa miaka mingi alikuwa akiipachika vikia vyenye chaji ya umeme, hadi ikakubali kuyeyuka. Kisha akaizima kwa rangi maalumu: DNA ya kuvu anayeozesha kahawa ikiingia, rangi inaachia, mwanga unarudi, na ugonjwa unajulikana. Gatobu alishamwona akimwaga sinkini kazi ya mwezi mzima, akafunga koti na kuanza upya. Alimhusudu kwa roho hiyo ngumu.

Mkurugenzi Kathurima alikuwa amesema wazi: leo jaribio likishindwa, meza ya Wacera wanapewa watafiti wa udongo.

Wakulima kutoka Gakindu wakaingia. Mapazia yakafungwa, taa ikawashwa, na mirija yote ikawaka. Walipiga makofi, Kathurima akatabasamu, Gatobu akapiga kuliko wote.

Wacera hakupiga. Angenyamaza tu, meza ingekuwa yake.

"Ngojeni kwanza," akasema. "Hii ya mwisho iko na kahawa haina ugonjwa. Haifai kuwaka. Sasa siwezi waambia hii kitu inafanya kazi."

Makofi yakafifia. Kathurima akakunja uso. Gatobu akaweka chini ya taa mrija usiotiwa kitu. Nao ukawaka. Akakumbuka kwamba sabuni ya unga hutiwa dawa ya kung'arisha mashati, na dawa hiyo huwaka vilevile.

"Daktari, ni mimi. Niliziosha na sabuni ya nguo."

Alingoja kukaripiwa mbele ya wageni.

"Leta zile mpya hazijaguswa," Wacera akasema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

Wakarudia. Mrija wenye ugonjwa ukawaka buluu. Wa kahawa nzima ukabaki giza. Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Mzee Nderitu, mwenyekiti wa wakulima, akainama akauchungulia ule wa giza.

"Mimi hapa sioni kitu," akasema.

"Ndiyo, mzee. Hakuna kitu, na ndivyo inafaa," Wacera akajibu, na machozi yakamtoka mbele ya watu wote.