Mwishehe wa Ng'ambo

Mwaka 1953, mpunga ulipoanza kutoa masuke, Mwishehe wa Marui alivuka mto Ruvu, akajenga dungu shambani kwake ili afukuze ndege, kama alivyofanya baba yake. Lilikuwa na nguzo nne, paa la makuti na kitanda cha fito. Jumbe Twalibu, mkusanya kodi wa ng'ambo ile, alipita, akalitazama, akaliandika kuwa ni nyumba.

"Kodi nimekwisha kulipa Marui, Jumbe," alisema Mwishehe, akamwonyesha stakabadhi.

"Huyu ni Mwishehe wa Marui. Mimi namtaka Mwishehe wa hapa."

Asubuhi yake wakawa wawili. Wa pili alishuka dunguni na kovu lile lile la panga gotini, akaomba kombeo. Jioni walivuka mto pamoja. Mwanamvua, mke wa Mwishehe, aliwatazama, akaongeza maji kwenye chungu cha ugali.

"Anayekoroma atalala barazani," alisema.

Kila mmoja alimnyooshea mwenzake kidole. Aliyelala barazani ni wa ng'ambo.

Kondo, kaka yake Mwanamvua, alikuwa karani wa shamba la mkonge. Walipomwendea aliwapa viti viwili, akawaeleza alilolisikia ofisini. Kampuni yake ina makao London. Faida yake hutozwa kodi hapa, na kule pia. Kwa hiyo serikali hizo mbili zimepatana: kilicholipwa hapa hupunguzwa katika kodi ya kule, ili faida moja isitozwe mara mbili.

"Basi ndicho tunachokitaka," alisema Mwishehe.

"Shemeji, hayo ni mapatano ya nchi na nchi. Wewe umevuka mto."

"Na ningevuka bahari?"

"Ungevuka na kampuni yako."

Mwishehe wa ng'ambo alicheka. Alikuwa mwepesi wa kucheka kuliko mwenzake.

Kabla ya mavuno askari walimchukua, kwa kuwa hakuwa na stakabadhi, wakampeleka kupasua mawe ya barabara badala ya kodi. Mwishehe wa Marui alivimba viganja akiwa amekaa nyumbani. Vuli ilipoanza, homa ilimuua yule wa barabarani. Mwishehe alimwosha mwenyewe. Hakuhitaji kuonyeshwa makovu yalipo.

Mwanamvua alikwenda kwa sheikh.

"Marehemu anaitwa nani?"

"Mwishehe."

"Na mumeo?"

"Mwishehe."

"Kaa eda, binti yangu."

Akakaa eda, amevaa nyeupe. Mwishehe alihamia kwa mdogo wake, na chakula akawa anapelekewa huko. Eda ilipokwisha, sheikh aliwaoza upya. Mwezi huo huo Kondo alileta habari kwamba kampuni imepunguziwa kodi yake London, bila mtu yeyote kwenda kuomba.

Mpunga ulitoa masuke tena. Ndege hawangoji, kwa hiyo Mwishehe alivuka, akajenga dungu. Jumbe Twalibu alimpa kwanza pole ya msiba, kisha akaandika.

Kesho yake jioni Mwanamvua aliona wanaume wawili wakipanda kutoka mtoni, mmoja wao akicheka. Aliongeza maji kwenye chungu. Walipokwisha kula, alizitoa nguo zake nyeupe sandukuni, akazifua, akazianika.