Siku ya Mgongo

Mgonjwa wa kitanda cha nane alikuwa na uzito wa watu wawili, na lifti ilikuwa imekufa. Ilikufa mwaka juzi. Mlangoni palibandikwa karatasi iliyoandikwa INATENGENEZWA, na ndani, kwa kuwa nafasi haitupwi, matroni alihifadhi viti vya plastiki. Kwa hiyo wahudumu wanne wa wodi walimlaza mgonjwa kwenye shuka, kila mmoja akashika pembe yake, wakaanza kupanda ngazi kwenda chumba cha upasuaji, ghorofa ya tatu.

Kreni alishika pembe ya chini, ambako uzito wote huangukia. Ndiyo ilikuwa pembe yake siku zote. Jina hilo alipewa na mganga mkuu mwenyewe, siku Kreni alipomnyanyua peke yake mzee aliyeanguka chooni. "Huyu si mtu, ni kreni," alisema, wote wakacheka, na Kreni mwenyewe akacheka. Kilemba cha ukoka hicho alikivaa miaka kumi na mmoja, akapandisha watu ngazi mpaka mgongo ukasalimu amri.

Walipokaribia juu, mguu wake wa kushoto ulikanyaga bila yeye kujua kama umekanyaga. Ilibidi atazame chini. Kiatu kilikuwa pale, ukingoni mwa ngazi. Halafu akasikia joto linashuka pajani, na halikuwa jasho. Tangu juzi mkojo ulikuwa ukimtoka bila kubisha hodi.

"Twendeni," aliwaambia wenzake. "Msisimame."

Wahudumu wa wodi walikuwa na tiba yao ya mgongo. Mgonjwa akifariki kabla ya kumaliza dozi, sindano zake za maumivu hazikurudi stoo, ziliingia mfukoni mwa aproni. Asubuhi walichomana wenyewe kwa wenyewe kwenye chumba cha mashuka, huku wanataniana. "Leo nimechomwa ya marehemu wa kitanda cha tatu, nitabeba mpaka jioni." Kreni alichomwa za marehemu kwa miezi minane. Zilinyamazisha maumivu, naye akadhani zinatibu. Hospitali nzima ile, na madaktari wake wote, hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kunyamazisha na kutibu ni vitu viwili.

Aliyemwambia ni daktari wa viungo, binti mdogo aliyehamia mwezi uliopita. Alimwona Kreni akitoka ngazini asubuhi ile, akiburuta mguu koridoni, akamvuta chumbani kwake, akamlaza, akamwinua mguu mmoja mmoja, akamwambia asimame kwa vidole. Kreni hakuweza.

"Na mkojo, mama?"

Kreni aligeukia ukutani. "Unanitoka."

Binti yule aliacha kuandika. "Mama, nisikilize vizuri. Maumivu mengi ya mgongo hayataki kisu. Mtu anatembea, anajinyoosha, wiki kadhaa yamekwisha. Ya kwako siyo hayo. Kati ya pingili na pingili za uti wa mgongo kuna kitu laini, kama mto. Wa kwako umechomoka, umebana mishipa ya fahamu ya miguu na ya kibofu. Upigwe picha leo, upasuliwe leo. Daktari wa upasuaji anaondoka saa nane mchana, na hatarudi mpaka wiki ijayo."

"Nikingoja wiki ijayo?"

"Unaweza kubaki bila miguu. Na kwenye nepi."

Kreni alijaza fomu ya matibabu ya wafanyakazi. Ilibaki saini ya mganga mkuu tu.

Mganga mkuu alikuwa ofisini kwake anajipulizia manukato, kwa sababu siku hiyo, kama mzaha mtupu, ilikuwa Siku ya Mgongo. Uani palikuwa na hema, kipaza sauti na bango lenye maneno MGONGO WAKO, MAISHA YAKO. Viti vya matroni vilikuwa vimetolewa kwenye lifti na kufutwa vumbi. Mganga mkuu aliipokea fomu, akaisoma akiwa amesimama.

"Hapa wanapouliza ugonjwa ulianzia wapi, umeandika kazini."

"Ndiyo, daktari. Kwenye ngazi."

"Kreni. Kwani nyumbani kwako hubebi ndoo za maji?"

"Nabeba."

"Basi. Ukiandika kazini, lazima niunde kamati. Kamati ikae, ichunguze, iniletee ripoti. Ni miezi mitatu hiyo. Ukiandika nyumbani, nasaini leo leo. Chagua mwenyewe, mimi sikulazimishi."

Alisema hayo kalamu ameshamnyooshea. Kreni alikata neno kazini, akaandika nyumbani, kisha akaongeza ndoo ya maji, ili uongo ukae sawasawa. Aliuonea kinyaa mkono wake mwenyewe.

Mganga mkuu aliikunja fomu, akaitia mfuko wa ndani wa koti.

"Wageni wakiondoka nasaini. Ila nisaidie jambo moja. Mgeni rasmi anataka aone mhudumu anaonyesha namna salama ya kuinua mzigo. Nani mwingine kama si wewe?"

"Daktari, sijiwezi. Binti wa viungo amesema nisiinue hata kikombe."

"Boksi lenyewe tupu. Dakika mbili tu."

Ilikuwa saa tano na nusu. Akibisha, koti lile litaondoka na fomu. Alipiga moyo konde, akaenda uani.

Mgeni rasmi alikuwa mtu mnene, mwenye shingo ya kung'aa. Alieleza kwamba watu wanaumwa mgongo kwa uvivu wa mazoezi, na waheshimiwa waliokaa tangu saa tatu wakatikisa vichwa kukubali. Ilipotimu saa saba kasoro, Kreni aliitwa mbele. Alikunja magoti kama alivyoelekezwa, akalikumbatia boksi.

Halikuwa tupu. Kuna mtu alikuwa amepanga humo vipeperushi vyote vya kugawa, mamia kwa mamia, vya kufundisha umma kutunza mgongo.

Aliinuka nusu. Kitu kikamkata kiunoni, mara moja tu, kisha hapakuwa na maumivu kabisa. Alikaa chini taratibu, boksi bado kifuani. Watu walipiga makofi.

Daktari wa viungo alitoka nyuma ya hema anakimbia. "Msimnyanyue hovyo. Leteni machela."

Machela ilikuwapo. Ilikuwa imetandikwa kitambaa cheupe na kupangwa soda za wageni, na matroni alisema haiwezekani kuzitoa mbele ya watu. Basi wakaja wenzake watatu na shuka ya wodini. Walichuchumaa kumzunguka, migongo wima, kama alivyokuwa amechuchumaa yeye.

"Mmeona?" mgeni rasmi alisema kwenye kipaza sauti. "Magoti, siyo mgongo. Hongera sana daktari, mafunzo yameingia."

Makofi yakaanza upya, kuna waliosimama kabisa. Mganga mkuu aliinamisha kichwa kidogo kushukuru, akamshika mgeni mkono, wakaelekea kwenye chakula.

"Daktari, fomu," binti wa viungo alimfuata mbio. "Wa picha hafungui mlango bila saini yako."

"Tukimaliza kula," alijibu bila kugeuka.

Pale chini mmoja alimshika Kreni mabega, mwingine kiuno. Mama Pacha, aliyekuwa akimchoma sindano za marehemu kila asubuhi, alikuwa upande wa pili.

"Jamani, nishikeni na miguu," Kreni alisema. "Mtanibwaga."

Mama Pacha alimtazama usoni. Miguu yote miwili ilikuwa mikononi mwake tangu mwanzo.

"Nimeishika, dada."

Kipaza sauti kiliwaomba wageni wampigie mhudumu shupavu makofi ya mwisho, nao wakapiga.