Girshi ya Bustani Namba 47

Barua ya chama cha bustani ilifika Jumanne. Holger Kuhnert aliisoma akiwa amesimama jikoni, koti bado mwilini, kama mtu anayesoma bei ya viazi. Ilisema kuwa mkewe Marlis, mpangaji wa bustani namba 47, amefariki, na chama kinatoa pole. Mgane wake anaweza kuirithi bustani akipenda. Ila kuna jambo. Girshi, gugu linalotambaa kwa mizizi chini ya udongo, imeenea kati ya namba 47 na namba 48, ugomvi wake una miaka kumi na moja, na kamati imechoka kusikia kelele. Jumamosi ya pili ya Juni watakuja kukagua. Bustani itakayoonekana ndiyo chanzo cha gugu itarudishwa kwa chama.

Watu wa Leipzig hawana mzaha na hizi bustani zao za chama. Kimo cha wigo kimeandikwa. Saa za kukata nyasi zimeandikwa. Ukipanda maua matupu bila mboga, utaitwa ujieleze mbele ya watu wazima waliovaa kaptura. Huko mtu anaweza kumsamehe jirani aliyemchukulia mke, lakini si jirani aliyeachia magugu yakapita chini ya wigo.

Holger aliikunja barua akaiweka chini ya bakuli la sukari. Hakuogopa, wala hakukasirika. Tangu Februari alikuwa hivyo. Kaburini, zamu yake ilipofika, alimwaga udongo kwa kijiko kikubwa kilichowekwa kando ya shimo, akampisha anayefuata, na dada yake akamnong'oneza, "Lia basi, Holger, watu wanatazama." Hakuweza. Mwili wake mzima ulikuwa kama mguu uliokaliwa vibaya: unajua ni wako, lakini ukiufinya hausikii kitu. Alikula kwa sababu ni saa sita, akalala kwa sababu ni saa nne.

Kitu kimoja tu alikijua: bustani hakutaka iende. Marlis alikuwa ameishi pale zaidi kuliko nyumbani. Kama yalikuwepo maumivu yoyote yaliyokuwa yakimsubiri Holger, basi yalikuwa pale, na bustani ikienda yangekwenda nayo, naye angebaki hivi hivi mpaka afe.

Shida ni kwamba hakujua mmea hata mmoja. Kwa miaka thelathini kazi zake pale zilikuwa mbili, kukata nyasi na kuchoma soseji. Basi alichukua sepetu la Marlis, akaingia kwenye matuta, akalimalima siku mbili kama mtu anayefukia maiti. Kila kilichokuwa na jani alikitupa kwenye toroli. Baada ya wiki mbili gugu likarudi mara tatu ya lilivyokuwa.

"Holger! Unafanya nini na hilo sepetu?"

Alikuwa Bi Wiesner, wa namba 48. Mama wa miaka sabini na minane, mfupi, kofia ya majani kichwani, kwenye bustani ile tangu enzi za Ukuta wa Berlin. Ndiye aliyekuwa akigombana na Marlis kila Jumamosi, mmoja huku, mwingine kule. "Vuta magugu yako, bibi wee!" "Yangu? Yako hayo!" Holger alizoea kuyasikia huku akigeuza soseji.

"Napalilia," alijibu.

"Unapalilia? Unapanda wewe! Kila kipande cha mzizi unachokikata ni mtoto mpya. Umezaa ukoo mzima hapo." Akazunguka, akafungua geti, akaingia bila kukaribishwa. "Na haya ya kwenye toroli je? Haya ni maua ya mkeo."

Holger akayatazama maua. Yalikuwa yamenyauka, mizizi juu. Alijua kwamba hapo mtu alipaswa kusikitika, akasubiri kidogo, lakini huzuni haikuja.

"Yana majani matatu matatu," alisema. "Nikadhani ndiyo yenyewe."

"Ndiyo kosa la kila mgeni. Shika hili shina. Lizungushe kwenye vidole. Lina pembe ngapi?"

"Tatu."

"Sasa shika la ua la mkeo."

"La mviringo."

"Haya. Rudi kwenye girshi. Jani limegawanyika mara ngapi?"

"Mara tatu. Halafu kila tawi lina vijani vitatu tena."

"Shina pembe tatu, matawi matatu, vijani vitatu. Tatu, tatu, tatu. Ukikuta shina la mviringo, liache, na usilitie mdomoni maana girshi ina binamu wenye sumu. Leta uma wa kulimia, hilo sepetu kalitundike."

Akamfundisha hapo hapo, amepiga magoti, akifoka kama mwalimu wa shule ya zamani. Unalegeza udongo kwa uma, unaushika mzizi, mweupe na mrefu kama tambi, unaufuata taratibu bila kuukata hadi unapoishia. Usiutupe kwenye mboji, utafufuka. Uanike juani juu ya bati hadi ukauke kabisa. Ukimaliza tuta, lifunike kwa maboksi miaka miwili, au panda viazi, maana viazi vitakulazimisha kuchimba. Kwenye nyasi usihangaike, kata kila wiki, gugu litachoka lenyewe. Sumu chama hakiruhusu.

"Mbona unanisaidia?" Holger aliuliza. "Wewe na Marlis..."

"Televisheni yangu imeharibika," alisema Bi Wiesner, akajipangusa magoti, akaenda zake.

Basi Holger akachimba. Asubuhi hadi saa saba, kisha mapumziko ya mchana yaliyoandikwa kwenye sheria, kisha hadi jioni. Mgongo ulimuuma, na maumivu hayo aliyaona kama ya mtu mwingine. Kila shina alilizungusha vidoleni kabla ya kuling'oa. Bati la kibanda lilijaa tambi zilizokauka.

Alhamisi kabla ya ukaguzi aliushika mzizi mnene kuliko yote. Alitegemea uende kwenye wigo, upande wa Bi Wiesner, kama Marlis alivyosema siku zote. Haukwenda huko. Ulipinda, ukapita chini ya njia ya mawe, ukaelekea nyuma ya kibanda. Holger alinyanyua mawe moja baada ya moja akiufuata. Nyuma ya kibanda hakuwa amefika miaka mingi. Marlis alikuwa amemwambia kuna nyigu. Nyigu hawakuwepo. Palikuwa na beseni la bati lililotoboka chini kwa kutu, na ndani yake mmea mzuri, majani yake ya kijani yana kingo nyeupe. Mizizi ilikuwa imetokea kwenye tundu kama watu wanaotoka kiwandani.

Alilizungusha shina. Pembe tatu. Akahesabu matawi, akahesabu vijani. Kikulacho ki nguoni mwako.

Akaujua mmea ule. Yeye ndiye aliyeununua. Ilikuwa Mei, jubilei ya fedha ya ndoa yao, miaka ishirini na mitano, naye hakuwa na zawadi. Kwenye soko la miche aliona hizo kingo nyeupe, akaona zinafanana na fedha, akaona mambo yameisha. Hiyo ilikuwa miaka kumi na moja iliyopita.

Muuzaji hakumwambia kwamba hiyo ni girshi iliyovalishwa nguo za sikukuu, na kwamba baada ya msimu mmoja huzivua. Pembeni mwa beseni machipukizi mengi yalikuwa ya kijani kitupu. Lakini katikati, pale penye weupe, mtu alikuwa akiyachuma ya kijani kwa kucha, mwaka baada ya mwaka, ili yale ya fedha yasisongwe. Alama za makovu zilionekana kwenye mashina ya zamani.

Kwa hiyo Marlis alijua. Miaka kumi na moja alipiga magoti akichimba zawadi ya mumewe, na lawama akazitupa kule ng'ambo ya wigo. Holger alisimama akasubiri kitu kimuume. Hakikumuuma. Alifikiri tu kwamba kesho kutwa ni Jumamosi.

Ijumaa aling'oa beseni zima, akalitia kwenye mfuko wa plastiki, akafunga, akauweka ndani ya kibanda. Akafukia shimo, akarudishia mawe. Sasa ikitafutwa girshi hai ingebaki sehemu moja tu, chini ya wigo, upande wa namba 48. Marlis alikuwa ameshasema ni ya Wiesner mbele ya chama kizima. Nani angebisha?

Jumamosi saa nne wakaja. Mwenyekiti Oelsner, mwanamume mwenye masharubu na ubao wa kuandikia, na wajumbe wawili waliotembea nyuma yake wakiogopa kukanyaga. Oelsner alikagua matuta, akapekua hata chini ya maboksi.

"Safi," alisema. "Sikutegemea kutoka kwako, Kuhnert. Wewe nilikujua kwa soseji tu." Kisha akainama kwenye wigo, akachomoa chipukizi, akalizungusha. "Na hii hapa inatokea kule. Bi Wiesner! Njoo kidogo."

Bi Wiesner alikuja hadi kwenye wigo, kofia mkononi.

"Chanzo kimeonekana," Oelsner alisema. "Una la kusema?"

Mama yule alimtazama Holger. Akalitazama lile chipukizi.

"Sina."

"Unaelewa maana yake? Miaka hamsini yako hapa..."

"Mimi si kiziwi, Oelsner. Andika."

Holger akasikia kitu ndani yake. Kilikuwa kidogo na kibaya, kama maziwa yaliyochacha, na ilimchukua muda kukitambua kwa kuwa hakijamtembelea siku nyingi. Ilikuwa aibu.

"Subiri," alisema. Akaingia kibandani, akatoka na mfuko, akaufungua mbele yao. "Chanzo ni hiki. Kilikuwa nyuma ya kibanda changu. Mimi ndiye niliyekileta, na jana nimekificha. Mke wangu hakujua."

Oelsner alishusha ubao. "Unajua ulichokisema, Kuhnert?"

"Najua."

"Bustani inarudi kwa chama. Nakupa hadi mwisho wa Septemba."

"Sawa."

Akaandika. Wajumbe wakatazama viatu vyao, kisha wote watatu wakaenda namba 49.

"Mpumbavu wewe!" Bi Wiesner alifoka hata kofia ikamdondoka. "Mpumbavu mkubwa! Mimi nimekaa kimya, wewe unafungua mifuko!"

"Ulijua?"

"Nilijua tangu mwaka wa kwanza. Marlis alikuja kwangu na keki ya matunda, akaniambia, Traudel, imevuka, nisamehe. Nikamwambia ing'oe uichome moto. Akasema hawezi. Akasema, Holger hajawahi kuninunulia mmea maisha yake yote, na huu aliupakata kwenye tramu kama mtoto mchanga."

"Sasa mlikuwa mkigombana nini?"

"Kwa ajili yako! Magugu yamejaa, nawe unakaa pale na koleo lako la soseji unauliza yametoka wapi. Ilibidi yawe ya mtu. Tukakubaliana yawe yangu. Siku ambazo hukuja tulichimba pamoja." Sauti ikampungua. "Januari, hospitalini, aliniapisha. Holger asijue kamwe. Na ningeitimiza, kama ungenyamaza."

Holger alisimama na mfuko mikononi. Alitaka kuuliza mengi, likatoka moja.

"Alipokuwa anakufokea," alisema, "alikuwa na hasira kweli?"

"Mgongo ndio uliokuwa upande wako, Holger. Mimi ndiye niliyeuona uso. Alikuwa akicheka hadi machozi yanamtoka."

Hapo ndipo ilipomfika. Ilianzia kifuani, ikamuuma kuliko alivyowahi kuumwa, naye akakaa chini katikati ya tuta alilolisafisha, mtu mzima wa miaka sitini na minne, akalia kwa sauti hadi kule namba 49 Oelsner akageuka kutazama. Bi Wiesner alipita getini, akauchukua mfuko mikononi mwa Holger ili mizizi isidondoke udongoni, akasimama naye pale.