Eti Dakika Tano Hakuchelewa

Mkuu wa kituo cha polisi aliposafisha koo, mjane alijua kinachokuja, na damu ikaanza kumchemka. Kila kumbukumbu ya mumewe, hotuba ni ile ile.

"Koplo wetu," alisema mkuu, "hakuwahi kuchelewa kazini hata siku moja."

Hakuwahi kuchelewa! Mtu aliyechelewa harusi yake mwenyewe akitafuta soksi! Askari wenzake walimwita Dakika Tano, kwa kuwa ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila aliyemharakisha. Lakini tangu lori lililokatika breki limuue akiwasukuma watu watoke barabarani, ghafla kawa malaika mwenye saa.

Mjane angevumilia, kama si binti yake. Mtoto aliachwa ananyonya, anamjua baba yake kwa hotuba hii tu. Naye kamrithi baba yake: kila mahali anafika wa mwisho, na bibi yake mzaa baba kazi ni kumsimanga, "Baba yako hakuwa hivi!" Leo asubuhi, kiatu kimoja mguuni, binti aliangua kilio. "Labda mimi si mtoto wake. Nendeni wenyewe." Wakamwacha nyumbani.

"Afande, inatosha!" Mjane alijikuta amesimama. Mama mkwe akamvuta nguo. "Niache, mama, nimechoka! Mume wangu alikuwa mchelewaji wa kutupwa, na nyote mnajua. Siku moja tu aliwahi, ndiyo iliyomuua. Msinifutie mtu wangu!"

Mkuu akakunja karatasi yake, akaketi. Mama mkwe akainamisha uso kwa aibu.

Ikabaki zamu ya sajenti mzee kuita majina. Kwa desturi ya kituo, marehemu huitwa wa mwisho, na askari wote hujibu, "Yupo!" Sajenti alipofika hapo akasita, akamtazama mjane.

"Koplo Dakika Tano!"

Askari mmoja wa mstari wa nyuma, aliyekuwa akimkingia marehemu kifua kila asubuhi majina yakiitwa, akapaza sauti kama zamani.

"Yuko njiani, afande!"

Uwanja mzima ukacheka, wengine huku wanafuta machozi. Mjane alipogeuka, alimwona binti yake getini, anahema, kamba za viatu zinaburuta.

"Baba naye alikuwa anachelewa?" aliuliza binti.

"Kila siku, mwanangu."

Bibi akasogea, akampisha mjukuu wake kwenye benchi.

"Njoo ukae, Dakika Tano."