Mabomba Mapya ya Gari la Placidius

Mama yao alipozikwa, Auleria hakulia. Shangazi zake walimtazama akimimina chai, akipokea mikono ya watu waliokuja kuhani, akisema ahsante kwa kila mmoja, wakanong'onezana kwamba huyu binti aliyeishi na mama yake miaka yote hiyo ana moyo mgumu. Aliwasikia. Aliendelea kumimina chai. Hata matanga yalipokwisha na wageni wakaondoka Kaisho, alibaki vilevile. Aliamka, akafagia, akapalilia mibuni, akampelekea baba yake maji ya kunawa, na jioni asingeweza kusema siku imepitaje.

Bibi Eugenia, mama yao, alikuwa ameshikwa na homa ya mapafu wakati wa masika. Kaka yake Auleria, Placidius, ambaye alikuwa na duka Bugene, alikuja na gari lake kumpeleka hospitali ya misheni. Lilikuwa gari la zamani, la kabla ya Vita Kuu ya Pili, alilolinunua kwa bwana mifugo mmoja Mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Mbele lilikuwa la chuma, nyuma lilikuwa na bodi la mbao na mapazia ya turubai yaliyofungwa kwa vifungo. Walimlaza mama kwenye godoro, chini, katikati ya mabenchi. Auleria alikaa naye. Walipofika hospitali, mama alikuwa amekwisha kufa, hakuna aliyejua ni kwenye kilima kipi walimpoteza. Wanawake waliomwosha walisema amekufa vizuri, kwa sababu midomo yake na viganja vyake vilikuwa na wekundu, kama mtu aliyelala tu.

Mvua za vuli zilipoanza, Placidius alirudi Kaisho kuchukua kahawa. Safari hiyo alikuja na fundi, Rwezaura, mtu mnene mcheshi aliyewahi kufanya kazi kwenye gereji moja huko Uganda. Nyuma ya gari kulikuwa na mabomba ya chuma yaliyofungwa kwenye magunia.

"Gari limechoka," Placidius alimweleza dada yake wakati akinawa. "Likiona kilima linaguna tu. Nimenunua mabomba ya moshi mapya Bukoba, ya kuchomelewa. Rwezaura anasema yakifungwa, injini itapumua."

"Sawa," alisema Auleria, akaenda kuteleka maharage.

Baba yao, mzee Byarugaba, alitoka ndani kidogo, akapokea shikamoo ya fundi, akalitazama gari lililoegeshwa uwanjani karibu na jamvi la kahawa, kisha akarudi ndani. Siku hizo hakukaa nje sana.

Kazi ilianza asubuhi. Rwezaura alimwaga mafuta ya taa kwenye nati zilizoota kutu, akangoja, akazigonga kwa nyundo, akamwaga tena. Nati moja ilikataa mpaka boliti yake ikakatika, na hapo fundi alitukana kwa Kiganda halafu akamwomba Auleria radhi. Hatimaye chuma cha zamani kilitoka ubavuni mwa injini. Kilikuwa kizito, na kilikuwa na ufa mrefu.

"Unaona, dada?" Rwezaura alisema, akiwa amefurahi kupata mtu wa kumweleza. "Hiki ndicho kinachopokea moshi wa injini. Njia zake ni nyembamba, na kimepasuka. Haya mapya, kila silinda ina bomba lake, halafu yote manne yanakutana hapa chini yanakuwa moja. Njoo unishikie. Kaka yako atakuwa chini, mimi nifunge juu."

Auleria alishika. Mabomba yalikuwa ya baridi na yalinuka rangi. Aliyainua mpaka yakakaa sawa juu ya gasketi ya kuziba maungio, akayaegemea kwa bega, naye Rwezaura akakaza nati moja baada ya nyingine. Uzito ulimwelemea Auleria lakini hakuomba kupumzika. Kushika kitu kizito na kuambiwa usiachie kulimfaa.

Bomba refu la kwenda nyuma lilihitaji kufungwa kwenye sakafu, kwa hiyo Rwezaura aliingia nyuma, akakunja mkeka, akang'oa mbao mbili za katikati. Aliugeuza ubao wa kwanza, akapiga mluzi. Upande wa chini ulikuwa mweusi tii. Kwenye maungio ya mbao masizi yalikuwa yamepenya mpaka upande wa juu, chini ya mkeka. Bomba la zamani, pale pale chini ya mbao hizo, lilikuwa limeoza na kuwa na tundu la kuingia ngumi.

"Huku nyuma kulikuwa kunakaa mizigo au watu?" aliuliza.

"Mizigo," Placidius alijibu haraka kutoka chini ya gari. "Mara nyingi ni mizigo."

"Afadhali. Maana moshi huu ukiingia ndani na mapazia yamefungwa, mtu analala. Kichwa kinamgonga, anatapika kidogo, halafu analala moja kwa moja. Nilimwona dereva mmoja huko Uganda. Alijifungia ndani ya lori kwa sababu ya baridi, injini inawaka. Tulimkuta amekufa, midomo myekundu. Ungedhani ni mzima."

Alisema hivyo huku akikwangua masizi kwa bisibisi. Yeye alikuwa mgeni pale, na hakuna aliyemweleza mama yao alifia wapi.

Auleria alisimama na spana mkononi. Alikumbuka jinsi kichwa kilivyomgonga siku ile, na jinsi alivyotoa uso kwenye upenyo wa pazia ili atapike, akabaki ameegemea pale, pua nje kwenye mvua, kwa sababu hewa ilimpa nafuu. Alidhani ni uchovu wa kukesha na mgonjwa. Alikumbuka pia vidole vyake vikifunga vifungo vya turubai, kimoja kimoja, ili mama asipate baridi. Akangoja. Alijua kwamba kitu fulani kinapaswa kuja sasa, kilio, au hasira. Hakikuja.

"Nishike wapi?" aliuliza.

"Hapa," alisema Rwezaura.

Alishika hapo mpaka kazi ikaisha. Ndipo fundi akaenda nyuma ya nyumba kunawa, Placidius akatoka chini ya gari, masizi usoni. Hakumtazama dada yake.

"Ulijua?" Auleria aliuliza.

"Nilijua linatoa moshi. Magari yote yanatoa moshi."

"Kwamba limetoboka, ulijua?"

Placidius alijifuta mikono kwenye suruali, akajifuta tena. "Kuna mtu aliniambia bomba limeoza. Kabla ya masika. Nikasema tumalize kwanza msimu wa maharage."

"Mimi ndiye niliyefunga mapazia."

"Mvua ilikuwa inanyesha, Auleria."

"Ndiyo. Ilikuwa inanyesha."

Kuku mmoja aliparua chini ya gari, kwenye mchanga uliolowa mafuta.

"Labda angekufa hata hivyo," Placidius alisema. "Uliiona ile homa."

"Labda."

"Unanichukia?"

Auleria alilifikiria swali hilo kwa haki kabisa. "Sijui, kaka. Sihisi kitu. Tangu siku ile sihisi kitu, na leo ni hivyo hivyo."

Rwezaura alirudi, akapiga hendeli ya kuwashia, injini ikashika mara moja. Mlio wake ulikuwa mpya, mzito, usio na mikwaruzo. Fundi alicheka kwa furaha, akamgonga Placidius mgongoni. Placidius alitikisa kichwa tu.

Walikuwa ndio kwanza wanaanza kula wakati Desderius, jirani wa kibanja cha pili, alipoingia uwanjani akikimbia, miguu imejaa matope. Mkewe, Kemigisha, alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu jana. Mkunga alikuwa ameinua mikono.

"Nimesikia gari," alisema akihema. "Nisaidieni, jamani. Amekwisha nguvu."

Placidius aliweka bakuli chini. "Gari halijajaribiwa," alisema. "Tafuta watu wa machela."

"Machela mpaka misheni? Atafika saa ngapi?"

"Mimi sibebi mgonjwa!" Placidius alipiga kelele, na sauti yake ikapasuka. Desderius akamtazama asielewe. Rwezaura naye akamtazama, mkono wenye tonge ukiwa hewani.

Auleria aliinuka, akaingia ndani, akatoka na blanketi na godoro. Baba yake alikuwa amesimama mlangoni.

"Washa gari," alimwambia kaka yake.

"Siwezi."

"Mimi nitakaa nyuma naye. Washa."

Kabla hawajaenda kumchukua mgonjwa, alipanda nyuma, akalala kifudifudi pale kwenye mbao, shavu juu ya sakafu, injini ikiwaka. Alivuta pumzi. Alisikia harufu ya kahawa na kutu, basi. Alikaa hivyo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Halafu akaviringisha mapazia yote juu na kuyafunga kwa kamba.

"Mvua itamlowesha," alisema Desderius walipompakia mkewe.

"Atalowa," alisema Auleria. "Mfunike kwa blanketi, mshikie mwavuli. Pazia halishuki."

Mvua iliwapiga njia nzima. Gari lilipanda vilima bila kuguna, Rwezaura akiwa mbele na Placidius aliyeshika usukani kwa mikono miwili. Auleria alimshika Kemigisha mkono na kila mara alimwita jina. Kila mara Kemigisha alijibu, mara nyingine kwa matusi. Magoti ya Auleria yalikufa ganzi kwa baridi. Alijua kwamba ni baridi, na alijua kwamba yeye ndiye anayeisikia.

Walifika. Kemigisha alipasuliwa. Yeye alipona, mtoto hakupona. Desderius alitoka kuwaambia, akamshika Placidius mikono yote miwili, akasema, "Mmenibakizia mke wangu," na Placidius akaanza kulia kwa sauti pale barazani, mbele ya watu wote, mpaka muuguzi akatoka kuuliza ni ndugu wa nani. Auleria alikaa karibu naye, akamwekea mkono begani, kwa sababu ndivyo mtu anavyofanya.

Walirudi Kaisho kesho yake, Rwezaura wakamwacha Bugene. Walimkuta mzee Byarugaba ameketi sebuleni. Walimwambia wote wawili, Placidius habari ya bomba na maneno ya fundi, Auleria habari ya mapazia. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Yule fundi anajua kwamba mama yenu alifia humo?" aliuliza.

"Hajui, Tata," alisema Auleria. Ndivyo walivyomwita baba yao.

"Basi msimwambie. Ataumia kwa maneno aliyoyasema." Kisha akamgeukia Placidius. "Na wewe, mke wa Desderius atahitaji kurudishwa nyumbani. Utamfuata."

"Ndiyo, Tata."

"Auleria, nenda kalale."

Alilala mchana kutwa. Alipoamka gari lilikuwa limeondoka na hakulisikia. Huko jikoni alimkuta baba yake ameketi kwenye kigoda cha mama, kisu mkononi, akimenya ndizi. Katika maisha yake yote hakuwahi kumwona akimenya. Alikuwa akikata maganda manene, nusu ya ndizi ikienda nayo, na vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu.

Auleria alivuta jani la mgomba, akakaa mbele yake, akachukua kisu cha pili. Wakamenya zilizobaki.