Marehemu Aliyetiwa Mbio

Jumapili mjane aliposikia marehemu mumewe akiimba redioni kama kifaranga, kwanza alidhani ni betri. Alikuwa ametia mpya jana yake, akaona labda zimezidi nguvu. Akatoa moja, redio ikazimika. Akairudisha, mumewe naye akarudi, bado kifaranga.

Mumewe alikuwa seremala, mtu wa kifua, na katika kwaya ya kanisa yeye ndiye aliyeimba sauti ya chini kabisa. Akiimba nyumbani, vikombe kabatini vilikuwa vinamwitikia. Enzi za uhai wake kituo cha redio kiliirekodi kwaya ile wimbo mmoja, wimbo wa kuhimiza subira, na yeye akapewa beti zote aimbe peke yake. Tangu hapo ulipigwa kila Jumapili kabla ya taarifa ya habari. Picha zake zilikuwepo nyingi. Sauti ilikuwa hiyo moja tu. Mjane alikuwa anajifunga kitambaa kichwani, anakaa wima kama mwenye mgeni, anamsikiliza.

Sasa subira yenyewe ilikuwa inaimbwa na mtu anayefukuzwa na nyuki.

"Mama," jirani yake muuza mkaa alimwuliza, "mzee siku hizi kapatwa na nini? Anaimba kama kakanyagwa kidole."

"Mzee yuko kwa Mungu."

"Basi huko kuna haraka."

Mjane akaingia ndani. Aliogopa jambo moja: masikio nayo husahau. Akizoea huyu wa redioni, siku moja atamtafuta yule wa kwake kichwani asimkute. Kulipokucha akasali, akampitia wifi yake, dada wa marehemu, maana mambo ya maiti huyaendei peke yako.

Fundi mitambo wa redio aliwapokea katika chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani ili kuzuia mwangwi. Alikuwa kijana mpole, wala hakuficha kitu.

"Mama zangu, hakuna kilichoharibika. Nyimbo zote tunazitia mbio kidogo. Wimbo ukiisha upesi, tangazo linapata nafasi. Tena mtu akitoka kituo kingine akija kwetu, anaona kwetu kumechangamka, kule wamelala."

"Tangazo la nini?"

"Sabuni. Na dawa ya mende."

Wifi akamgeukia mjane. "Umesikia? Kaka yangu anakimbizwa na mende."

"Si mlitie mbio hilo tangazo," mjane akasema.

Fundi akatazama mlango, kama mtu aliyesikia tusi mbele ya wakwe. "Hilo haliguswi, mama. Hilo limelipiwa."

"Basi mrudishe mume wangu alivyokuwa."

Hapo ndipo fundi alipokuna kichwa. Kila meneja mpya aliyekuja aliongeza mbio kidogo, na kila mara wimbo uliotiwa mbio uliwekwa juu ya ule wa zamani, ukaufuta. Wa asili haukuwepo tena. Kilichobaki ni kitufe cha kuzungusha, na masikio ya wenyewe.

Akaanza kuzungusha. Kifaranga akawa mtoto, mtoto akavunja sauti.

"Simama hapo," wifi akasema. "Huyo ndiye kaka yangu."

"Huyo hata ndevu hana. Mimi sikuolewa na huyo."

"Ndivyo alivyokuwa kabla hujamnenepesha. Sauti ilizama kwako."

"Kwenu alikuwa anakula nini, wifi, hata akaja kwangu anapiga miluzi? Mwanangu, teremsha."

Fundi akateremsha.

"Hapo amekuja kuposa," mjane akasema. "Anajikaza mbele ya baba yangu. Teremsha tena. Hapo ana mafua. Endelea. Hapo kakasirika, kuna mtu karudisha mlango aliomtengenezea. Endelea."

Fundi akapitiliza. Sauti ikawa nzito, ikaburuta maneno, kila neno likija peke yake na kuchoka njiani. Wifi akamshika mjane mkono. Hivyo ndivyo alivyozungumza kitandani, mwisho mwisho. Fundi hakuambiwa kitu. Akapandisha kitufe mwenyewe, taratibu, huku akitazama meza.

"Hapo," mjane akasema.

Ilikuwa sauti ya kawaida ya mtu mzima anayeimba bila haraka. Juu ya meza, kijiko ndani ya glasi ya fundi kikaanza kutetemeka. Wifi alisikiliza ubeti mzima ameinamisha uso.

"Huyo ni wako," akasema. "Wa kwetu alishaondoka zamani. Mchukue."

Lakini meneja akaingia, tai imemkaba, nyuma yake msoma habari ameshika kikombe cha maji ya moto. Meneja akapiga hesabu kwa vidole. Marehemu akienda mwendo huo, ataingia ndani ya taarifa ya habari.

"Tumkate ubeti wa mwisho," akasema.

"Mume wangu hakuwahi kuacha kazi nusu," mjane akasema. "Hata jeneza la mtu asiyempenda alilipiga msasa ndani. Itieni mbio habari."

"Habari?"

"Nyingi ni mbaya. Kwa nini zikawie?"

Msoma habari alitaka kucheka, kisha akamwona meneja anafikiri. Meneja alifikiri sana. Mwisho akauliza kama maji ya moto ni lazima, maana nayo yanakula muda.

Jumapili iliyofuata wifi alikuja mapema, akakaa kiti cha mkabala. Marehemu aliimba beti zote, mzito, na kabla ya ule wa mwisho akavuta pumzi ndefu. Katika mbio zile ilikuwa imemezwa. Mjane akajikuta naye amevuta.

"Kumbe alikuwa anapumua," wifi akasema polepole.

"Alikuwa."

Likaja tangazo la sabuni, kwa mwendo wa bibi harusi. Kisha msoma habari akapita kama kuku aliyeona kisu. Wakaambulia neno "waziri" na neno "mafuriko".

"Kasema nini?" wifi akauliza.

"Sijui. Kama ni kubwa litatufikia kwa miguu." Mjane akaizima redio, akaenda kuchemsha chai.