Nakshi Ambayo Wifi Hakuichora

Wa kwanza kuja alikuwa mwanamke mwenye kofia ndefu ya bluu. Alikaa kwenye kiti cha wateja, karibu na mlango wa karakana yetu, akaweka mikono mapajani, akanitazama. Nilimkaribisha. Hakujibu. Nikamkaribisha tena, na wifi yangu, aliyekuwa akikata kitambaa kwenye meza kubwa, akauliza, "Unaongea na nani?"

Niliangalia tena. Kiti kilikuwa kitupu.

"Nafanya mazoezi ya adabu," nilimjibu. "Wewe huna, acha mmoja wetu awe nayo."

Wifi alicheka. Ni dada wa marehemu mume wangu, na tangu nilipoolewa hatujamaliza asubuhi hata moja bila kurushiana maneno. Anayetusikia kwa mara ya kwanza hudhani hatupatani. Tunaishi nyumba moja, na tumefanya kazi pamoja miaka ishirini na sita: yeye huchora nakshi kwa chaki juu ya kitambaa, mimi huifuata kwa sindano na uzi. Mimi sijui kuchora hata yai, na yeye akishona kifungo kinadondoka kabla ya chakula cha mchana. Ndiyo maana hatuachani.

Macho yangu yalikuwa yameanza kuharibika mwaka mmoja na nusu kabla ya huyo mwenye kofia. Katikati palififia. Nikimtazama mtu usoni, uso unapotea, nabaki na masikio na mabega. Ili nione kitu inabidi nitazame pembeni yake, kama mtu anayejitia hamnazo. Daktari wa wakati ule alisema nyuma ya jicho pamechakaa na hapatarudi palivyokuwa, ila sitapofuka kabisa. Nikapewa kioo cha kukuzia na taa kali ya mezani, nikaambiwa nishukuru. Nilishukuru mbele za watu. Nikirudi chumbani nilikuwa nalia kwa hasira.

Baada ya mwenye kofia walikuja wengine. Walipenda saa za mawingu, na walikuja kimya, bila hata mchakacho wa nguo. Watoto wasiozidi kimo cha kikombe walipita juu ya meza kwa mstari, kila mmoja na beseni kichwani. Ukuta wa bafuni uliota majani mpaka darini, na majani yakawa yanapumua. Siku moja nilifungua kabati la sahani nikamkuta farasi amelala humo. Nikalifunga taratibu nisimwamshe.

Na nguo zao! Watu wa kweli walikuwa ukungu mbele yangu, lakini hawa niliwaona hadi uzi. Yule wa kofia alikuwa na ukosi uliotariziwa kwa mshono wa mnyororo, mdogo mno, safi, haujapinda popote. Mimi hata enzi za macho yangu sikuwahi kuufikia. Nilimwonea wivu mtu ambaye hayupo.

Sikumwambia mtu. Nyumba niliyokulia ilikuwa na mama mdogo aliyekuwa akizungumza na ukuta. Alifungiwa chumba cha nyuma miaka tisa. Chakula alisukumiwa chini ya mlango, na sisi watoto tuliambiwa tukimkaribia atatung'ata. Hakuwahi kumng'ata mtu. Alipofariki nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nakumbuka wakubwa walivyoshusha pumzi, kama watu waliotua mzigo. Sikutaka mtu ashushe pumzi ya namna ile kwa ajili yangu.

Kisha binti yangu akajifungua mtoto wa kiume, mjukuu wangu wa kwanza. Alimleta akiwa na wiki tatu, akaninyooshea nimpokee. Wakati huohuo mzee mwenye ndevu alikuwa amesimama nyuma yake, na yule mzee naye alikuwa amebeba mtoto. Nilirudisha mikono yangu kifuani. Itakuwaje nikimlaza mjukuu wangu kwenye kitanda ambacho hakipo?

"Nina mafua," nilisema.

Wiki iliyofuata nikasema mgongo. Halafu goti. Alipotimiza miezi minne nilikuwa nimeshaumwa kila kiungo isipokuwa kope. Binti yangu alikuwa anarudi kazini mwezi uliofuata, na tangu akiwa na mimba tulikuwa tumekubaliana kwamba mtoto atashinda na mimi karakanani. Nilimwambia atafute mtu mwingine.

"Kwa nini, mama?"

"Nimechoka kulea."

Alisema sawa, akamfunika mtoto na kuondoka. Hakupiga simu wiki nzima. Nilijikaza. Mchana nilishona, jioni nilijilaza nikiwa na viatu, na asubuhi nilikuwa nahesabu sababu za kuamka nisipate hata mbili. Moja niliyoipata ilikuwa wifi.

Kilichonifichua ni kitambaa cha meza. Mwalimu mmoja aliyestaafu alikitaka cheupe, chenye majani madogo kwenye pindo, katikati pawe wazi kabisa. Wifi alichora, akatoka kwenda kununua nyuzi, kisha akapita kwa mteja mwingine kumpima. Mimi nikakaa na kitambaa, mvua ikinyesha nje.

Mistari ilikuwa wazi ajabu siku hiyo. Nilifurahi, nikasema moyoni macho yameanza kupona. Mzabibu ulipanda kutoka kwenye pindo, ukaingia katikati ya kitambaa, ukachanua maua ya petali saba, na kwenye kila ua akatua ndege mwenye mkia mrefu. Nilikuwa naufuata, na sindano ilikuwa inakwenda yenyewe, kama miguu inavyoshuka ngazi za nyumba uliyozaliwa. Sikusikia njaa, na mvua ilipokatika sikujua. Nilikuwa na raha ambayo sikuwa nimeionja tangu macho yaanze kuharibika.

Wifi alirudi, akakitandaza kitambaa mezani, akanyamaza. Wifi yangu kunyamaza ni habari.

"Nani kachora haya?" aliuliza.

"Wewe. Nani mwingine? Mimi na kuchora wapi na wapi?"

"Mimi nimechora pindo tu."

"Acha utani."

"Sitanii." Alivuta kiti akakaa karibu yangu hadi magoti yakagusana. "Wifi yangu. Ulikuwa unafuata nini?"

Nikamwambia yote. Nilianza na kofia ya bluu, nikamaliza na farasi. Nilisubiri asogeze kiti nyuma. Hakusogea.

"Farasi wa rangi gani?" aliuliza.

"Kijivu."

"Ndani ya kabati langu la sahani. Na hukuniita nimwone!" Alinishika mikono yote miwili. Ya kwake ilikuwa ya baridi, na sauti yake haikuwa na kicheko. "Kesho tunakwenda kwa daktari. Na usiniletee habari za mgongo."

Daktari wa sasa alikuwa mwanamke kijana, mwenye harufu ya sabuni. Nilipokuwa bado najikohoza wifi alishasema, "Anaona farasi kabatini," kama mtu anayeripoti bomba linalovuja.

Daktari hakucheka. "Wanakusemesha, mama?"

"Hapana. Hawana sauti."

"Ukitulia, unajua kwamba hawapo?"

"Najua. Ndiyo maana naogopa."

"Huu si wazimu," alisema. "Jicho likipunguza kuleta picha, ubongo haupendi kukaa bure. Unachora wenyewe. Nawapata wagonjwa wa hivi mara nyingi, na karibu wote walikuwa wanaficha."

Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilimkumbuka mama mdogo, jinsi alivyoupapasa ukuta kabla ya kuzungumza nao, jinsi alivyogeuza kichwa pembeni ukimwita kupitia upenyo wa mlango. Alivyogeuza ndivyo ninavyogeuza mimi. Miaka tisa, na katika nyumba nzima hakupatikana mtu wa kumuuliza habari ya macho yake. Hasira zilinipanda hadi nikaomba maji ya kunywa.

Daktari alisubiri nimalize. Kisha akauliza, "Na usingizi? Chakula? Asubuhi unatamani kuamka?"

Mimi ni mwongo hodari, waulizeni wateja wanaodai nguo zao. Uongo nilikuwa nao tayari, lakini siku hiyo sikuutoa.

"Sitamani," nilisema. "Muda mrefu sasa."

Nilisikia wifi akivuta pumzi kando yangu. Daktari alisema huo nao ni ugonjwa, kwamba huwapata wengi wanaopoteza macho, na kwamba una tiba kama mwingine wowote. Aliniandikia nikaonane na mshauri kila Alhamisi. "Hao wageni wanaweza kupungua wenyewe," alisema. "Huzuni usiiache ikisubiri kupungua yenyewe."

Wifi alimpigia simu binti yangu tukiwa bado kwenye ngazi za hospitali. Alitukuta karakanani, akabaki amesimama mlangoni na mtoto mgongoni. Nilimweleza kama nilivyomweleza wifi, ila kwake nilishindwa kuanza na kofia. Nilianza na siku ile alipoleta mtoto, na mzee wa ndevu aliyekuwa nyuma yake.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaanza kulia kwa hasira, na hasira hiyo naijua, ni ya kwangu.

"Miezi minne, mama," alisema. "Miezi minne namgeuza huyu mtoto, namtazama vidole, namtazama masikio, natafuta kasoro iliyokufanya usimtake."

Hapo ndipo nilipovunjika. Mengine yote nilikuwa nimeyawaza, hilo sikuwahi. "Hana kasoro," nilisema. "Nilikuwa najiogopa mimi. Naona watu nisiowajua hadi kope zao, mwanangu, wanakuja bila kuitwa. Yeye namwita kila siku, haji. Sijui mjukuu wangu anafananaje."

Nililia bila kujificha, mbele ya wote wawili, hadi pua ikaziba.

"Hujakosa kitu," alisema wifi, na sauti yake mwenyewe ilikuwa imelowa. "Pua ni ya ukoo wenu, masikini. Ila paji la uso ni la kwetu, kwa hiyo ataoa."

Binti yangu alicheka katikati ya kilio. Akamfungua mtoto mgongoni, akaja mpaka nilipokaa, akanishika mkono wa kushoto akaukunja, akaweka kichwa cha mtoto kwenye kiwiko, kisha akauweka mkono wa kulia chini ya makalio yake, kama unavyomfundisha mtu ambaye hajawahi kulea. Nami niliyemlea yeye nikakubali kufundishwa.

Alikuwa mzito kuliko nilivyokuwa nimefikiria. Alinusa bega langu, akahangaika kidogo, akakamata kidole changu chenye alama za sindano, akalala. Binti yangu alikaa sakafuni, akaegemea miguu yangu. Wifi alijidai anapanga nyuzi. Tulikaa hivyo muda mrefu.

"Akikulemea niambie nimchukue," alisema binti yangu.

Mkono ulikuwa umeshakufa ganzi hadi begani. Nikamwambia bado.